Mwanachuo na Mwanachuoni

Kiswahili cha Unguja kina neno moja lililosafiri safari ndefu. Chuo, katika lugha ya wazee, kilikuwa kitabu. Kisha chuo kikawa mahali mtoto anapopelekwa kusoma Kurani, akakaa juu ya jamvi mbele ya mwalimu wake. Na baadaye, ilipofika zamu ya vyuo vya ualimu na vyuo vikuu, neno lile lile likavishwa joho jipya. Ndipo tukapata maneno mawili yanayofanana kwa sura na yasiyokaribiana kwa maana: mwanachuo, yaani kijana anayesoma ili apate shahada, na mwanachuoni, yaani mtu ambaye elimu ya dini imemkaa rohoni hata watu wakamfuata kwa fatwa, kwa shauri na kwa kuamuliwa ugomvi. Makala haya yanadai kwamba vyuo vyetu vinawatoa wa kwanza kwa mamia na vimesahau kumtafuta wa pili. Na tena kwamba yale yanayoitwa maisha ya kiroho katika vyuo hivyo, ya Waislamu na ya Wakristo pia, yamekuwa shughuli ya kuhesabiana vichwa, ilhali haki ya mnyonge imeachwa nje ya mlango pamoja na viatu.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuitoa dini chuoni: sala ibaki msikitini na kanisani, chuo kibaki na elimu. Hao wameazima nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Unguja haikupata elimu kwanza, ikaletewa dini baadaye. Darsa za Sheikh Abdallah Bakathir pale Ukutani, aliyefariki 1925, zilikuwa chuo katika maana kamili ya neno. Kule Kiungani, nje ya mji, misheni ya Kiingereza iliwasomesha vijana waliokombolewa utumwani. Na mwaka 1888 vijana hao walikuwa wakitoa gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, Chuo cha Kiislamu kiliongozwa na Sayyid Omar Abdalla, maarufu Mwinyi Baraka, mtu aliyesoma Makerere na Oxford na hakuona kwamba elimu hiyo inamtaka avue kilemba. Hata katika zama zetu, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani, vyote vilivyoanza 1998, vimeanzishwa kwa juhudi za jumuiya za Kiislamu. Kumwambia mwanafunzi wa Unguja aache imani yake langoni ni kumtaka asahau nani alilijenga lango.

Lakini imani hiyo, ikishaingia, inafanya kazi gani?

Msomaji aliyepata kusoma chuoni na autazame tena ubao wa matangazo. Upande mmoja jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu inatangaza darsa baada ya Alasiri. Upande mwingine wanafunzi wa Kikristo, ambao ni wachache na aghalabu wametoka Bara, wanatangaza mkutano wa sala katika chumba cha kuazima. Hawa hawajui wale wanasoma nini, na wale hawaulizi hawa wanaomba nini. Wanapokutana, hukutana kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni ubishi: ile mihadhara ya mlingano wa dini iliyoenea nchini tangu miaka ya 1980, ambamo mtu hukishika kitabu cha mwenziwe kama mwendesha mashtaka ashikavyo kisu kilichookotwa penye maiti. Ya pili ni adabu: meza yenye kitambaa cheupe, sheikh akaomba dua, padri akaomba sala, picha ikapigwa, soda zikanywewa, watu wakatawanyika.

Nilipokuwa nikisomesha katika chuo kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja, wanafunzi walibishana usiku tatu mfululizo juu ya kusulubiwa kwa Nabii Issa. Wapishi wa chuo, waliokuwa wa dini zote mbili na hawajalipwa kwa miezi miwili, walisimama mlangoni mwa jiko wakisikiliza. Usiku wa tatu mmoja wao, bibi mtu mzima, aliniuliza, "Maalim, hawa wakishapatana juu ya Nabii Issa, watatupatanisha na sisi na mshahara wetu?" Sikuwa na jibu. Nakiri pia kwamba hata swali hilo lisingalinijia kama bibi yule hangaliuliza.

Silaha inayopendwa kuliko zote katika ubishi huo ni utumwa. Mkristo ananyoosha kidole Mkunazini na kusema: babu zenu waliwauza babu zetu, sisi tukajenga kanisa juu ya soko. Mwislamu anajibu: kanisa lenu lilikuja kwa kivuli cha manowari, na ukombozi wenu ulikuwa mlango wa ukoloni. Kila mmoja ameshika nusu ya kweli na kuitumia kama jiwe. Ni kweli kwamba Sayyid Barghash alilifunga soko mwaka 1873 kwa kushurutishwa na Waingereza, na kwamba mwaka ule ule misheni ilianza kujenga kanisa pale pale. Ni kweli pia kwamba utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba ila 1897, tayari chini ya himaya ya Waingereza, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Mashamba ya karafuu yalikuwa ya Waislamu. Forodha kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu. Na Wafaransa Wakristo walinunua watu wa pwani hii kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika fedhuli hii hakuna dini iliyotoka na mikono mikavu. Hata ndani ya misheni, Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utotoni, akasomeshwa Kiungani na kupewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile, hakupata kuwa askofu. Viti hivyo vilikaliwa na Waingereza kwa miongo mingi baadaye.

Na waliouzwa je? Wale waliopelekwa Kiungani na Mbweni walibatizwa; wale waliopelekwa mashambani walisilimu. Wajukuu wao leo wamekaa katika ukumbi mmoja wa mihadhara, wakitukanana kwa niaba ya mabwana waliowanunua. Aibu hii yatosha kumnyamazisha mtu mwenye haya. Kurani, katika Sura ya Balad, inaitaja njia ya mlima, njia nzito isiyopandwa na wengi, na hatua ya kwanza inayotajwa ni kumwacha huru mtumwa, kisha kumlisha yatima na masikini siku ya njaa. Nabii Amosi, kwa Wakristo na Wayahudi, alisema kwamba Mungu anazichukia sikukuu na nyimbo za watu wanaomdhulumu masikini langoni. Mwanafunzi wa dini akizijua aya hizi kwa moyo, na bado asijue mfagiaji wa dahalia yake analipwa nini, elimu yake ina kasoro kubwa kuliko ile inayosahihishwa na mtihani.

Nitaambiwa kwamba kukutana kwa kweli baina ya dini mbili ni ndoto ya watu wa semina. La hasha. Kumekwisha tokea hapa hapa, na bila ya semina. Katika miaka ya 1860 Edward Steere wa misheni ya Kiingereza alikuwa akijifunza Kiswahili mjini Unguja. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mkubwa aliyefariki 1896, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Steere mwenyewe ameandika kwamba kazi ile haikupita Zaburi ya sitini: sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa haja ya misheni. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakina sukari. Wawili hao walihitilafiana juu ya dini, wala hakuna aliyemwongoa mwenziwe. Lakini kadhi wa Kiislamu aliona kwamba kitabu cha Daudi kinastahili Kiswahili bora, akatoa muda wake bila ya kupigiwa picha.

Linganisha na yaliyofuata. Mwaka 1923 Godfrey Dale, wa misheni ile ile, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kazi ya bidii kubwa, lakini iliyokusudiwa kuwasaidia wahubiri katika hoja zao na Waislamu. Waislamu waliiona kuwa kitabu cha vita. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar 1960, alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Tafsiri ya Farsy ni hazina ya lugha yetu, na kila mwalimu wa Kiswahili, wa dini yoyote, angefaa aisome. Lakini angalia jinsi njia ilivyogeuka: kutoka watu wawili juu ya kitabu kimoja, hadi vitabu viwili vinavyojibizana kwa mbali. Vyuo vyetu vimeirithi njia hii ya pili na kuiita elimu.

Sasa nije kwenye neno linalopendwa katika hotuba: kuvumiliana. Mimi nalipinga. Mtu huvumilia joto la Februari. Huvumilia jino mpaka daktari afike. Jirani havumiliwi kama jino. Waislamu wa kwanza walipodhulumiwa Makka, Mtume aliwaelekeza Uhabeshi, upande huu wetu wa bahari, kwa mfalme Mkristo, na sifa aliyomtaja nayo mfalme huyo ni kwamba kwake hadhulumiwi mtu. Hakumsifu kwa uvumilivu. Wapokezi wa sira wanasimulia pia kwamba Wakristo wa Najran walipomjia Madina waliruhusiwa kusali sala yao ndani ya msikiti wake. Hapa Unguja, ambako Waislamu ni zaidi ya tisini kwa mia, hoja hii inawaelekea Waislamu kwanza, nami ni mmoja wao. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini aitakayo; basi kwa nini ombi la chumba cha sala la wanafunzi kumi wa Kikristo liandikwe na hao kumi peke yao? Na Mkristo naye, anapokuwa kwenye chuo cha Bara ambako yeye ndiye mwingi, akasikia msichana anasumbuliwa kwa ajili ya mtandio wake, asingoje jumuiya ya Kiislamu iandike barua.

Yapo mambo mazito kuliko vyumba. Kwa miaka 20, tangu 1985 hadi 2005, sheria ya Zanzibar iliweza kumpeleka jela mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba. Na aliyempa mimba, kwa kuwa tumbo lake halionyeshi, ilikuwa rahisi kwake kukana. Sheria ile ilitetewa kwa jina la maadili. Ilibadilishwa, lakini kasumba yake haikufutwa pamoja nayo: mwanafunzi wa kike akitakwa na mkufunzi kwa bei ya alama za mtihani, bado minong'ono ya dahalia huanza na nguo alizovaa yeye. Jumuiya za dini zimetoa mawaidha mangapi juu ya nguo za wasichana, na mangapi juu ya wakufunzi? Mwalimu Nyerere, Mkatoliki akizungumza na watawa wa Kikatoliki wa Maryknoll kule New York mwaka 1970, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa masikini, litakuwa halina maana kwao. Hotuba ile inawahusu masheikh wetu sawasawa na mapadri.

Tusijidanganye kwamba amani ya soda inatosha. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja; Novemba mwaka huo katibu wa Mufti, sheikh aliyeshughulikia maelewano ya dini, alimwagiwa tindikali; na Februari 2013 padri wa Kikatoliki alipigwa risasi na kuuawa Mtoni alipokuwa akienda kuongoza misa. Aliyemwaga tindikali na aliyefyatua risasi hawakuzuiwa na meza zetu zenye vitambaa vyeupe. Mji ule ule, kwa upande wake mwema, umepata kuliita kanisa la Mtakatifu Josefu kwa jina la Minara Miwili, neno la msikiti, bila ya mtu kuona ajabu. Na katika miaka ya 1980 Jaji Mkuu wa Zanzibar alikuwa Augustino Ramadhani, Mkristo mwenye jina la mwezi wa saumu, ambaye mwaka 2013 alipewa ukasisi. Watu walimwendea kutafuta hukumu ya haki, na dini yake haikuwa kizuizi.

Ninachokitaka ni kidogo, na sioni mkuu wa chuo atakataa kwa hoja gani. Kila chuo cha Unguja kitenge saa moja kwa wiki na chumba kimoja. Wanafunzi wa dini zote wakae na vitabu vyao, na mbele yao liwekwe shauri moja la chuo chenyewe: ujira wa wapishi, mkopo wa mtoto wa Makunduchi uliochelewa, malalamiko ya msichana. Kila upande useme kitabu chake kinadai nini katika shauri hilo, kisha barua iandikwe, itiwe sahihi na pande zote, ipelekwe ofisini na kufuatiliwa. Mihadhara ya kusulubiwa na kutosulubiwa inaweza kungoja. Imengoja karne nyingi. Ijumaa haifai kwa sababu zinazojulikana, Jumapili vile vile, na Jumamosi wapo Wasabato, ambao nao hawakuwahi kuulizwa. Nimependekeza Jumatano, baada ya Alasiri, wapishi wakiwa hawajaanza chakula cha usiku, ili wanaopenda waje.