Feza ya simu: kuulizwa «una hakika?» hakutoshi

Mkaaji wa Likasi akitaka kutuma feza kwa simu, kazi yote ni kufinya mara chache. Anaandika namba ya mpokeaji, anachagua dolari au franka, anaandika kiasi, kisha anatia kode yake ya siri. Kode ikiisha kutiwa, feza imekwenda. Mesaji inayofika baadaye inamwambia tu jambo lililokwisha kutendeka.

Hatua hiyo ya mwisho, ya kuthibitisha, inastahili kuzungumzwa kuliko inavyozungumzwa. Tangu M-Pesa ya Vodacom ilipoingia Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zikishindania wateja haohao, simu imekuwa benki ya watu wengi katika komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru ambao hawana benki nyingine. Kosa la kidole kimoja linagusa chakula cha nyumbani.

Namba ya simu nchini mwetu ina tarakimu kumi. Ukikosea moja, mara nyingi huangukii kwenye namba isiyo na mtu, unaangukia kwa mtu mwingine. 081, 082 na 083 zote ni za Vodacom, na kila moja ina wenyewe. Feza ya masomo iliyokuwa inaenda Lubumbashi inaweza kufika Kalemie, kwa mtu asiyejua ametumiwa na nani, naye akaitoa kwenye kabini kabla mwenye feza hajamaliza kupanga mstari kwenye ofisi ya kampuni.

Kuna pia jambo ambalo majirani zetu wa Tanzania na Kenya hawalijui sana: sisi tuna mifuko miwili ndani ya simu moja, ya dolari na ya franka. Tarakimu ni zilezile, herufi tatu tu ndizo zinazotofautiana, USD au CDF. Aliyedhani ametuma dolari 100 anashangaa kuitwa mwongo na mwenye nyumba aliyepokea franka 100. Na muuzaji anayesoma «100» haraka-haraka, bila kuangalia herufi zinazofuata, ametoa mali yake bure.

Kampuni zitajibu kwamba mteja aliulizwa, akakubali. Ni kweli. Lakini swali «una hakika?» lina ubovu wake wa kuzaliwa: mtu anayekosea anakuwa na hakika.

Tarehe 13 Januari 2018, wakaaji wa visiwa vya Hawaii, Marekani, walipata kwenye simu zao tangazo kwamba kombora linakuja na kwamba hilo si zoezi. Mfanyakazi aliyelituma alikuwa ameulizwa na kompyuta kama ana hakika. Alifinya ndiyo, kwa sababu aliamini hatari ni ya kweli, ingawa wenzake walikuwa katika zoezi. Uchunguzi ulionyesha kwamba swali lilikuwa na maneno yaleyale, iwe ni zoezi, iwe ni hatari ya kweli. Halikumwonyesha kitu chochote kipya. Baya zaidi, hakukuwa na tangazo la kusahihisha lililotayarishwa, na zilipita dakika 38 kabla watu hawajaambiwa kwenye simu zao kwamba hakuna kombora.

Wenye feza nyingi nao hawakuponyeka. Tarehe 11 Agosti 2020, Citibank ya New York ilikusudia kulipa riba isiyofika milioni 8 za dolari kwa wakopeshaji wa Revlon, kampuni ya vipodozi. Ikatuma karibu milioni 900. Watu watatu walikuwa wameidhinisha malipo hayo, na kompyuta ilikuwa imetoa onyo kwamba feza zitatoka nje ya benki. Onyo halikutaja kiasi. Baadhi ya wapokeaji walikataa kurudisha, na ilikuwa mwaka 2022 tu mahakama ya rufaa ilipoipa benki hiyo haki. Citibank ina mawakili wa kungoja miaka miwili. Mama anayeuza unga wa mahindi huko Kikula hana.

Swali zuri, basi, ni lile linalomrudishia mtu kitu ambacho hakukiandika yeye mwenyewe. Huko Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa mwezi wa Machi 2007, Safaricom iliongeza hatua iliyoitwa Hakikisha: jina la mpokeaji linatokea kwanza, na mtumaji anapata nafasi ya kusimamisha kazi kabla haijakamilika. Ni vigumu kuona kosa ndani ya tarakimu kumi, lakini kila mtu anajua shemeji yake anaitwa nani. Kwetu jina hilo litakuwa na faida kama SIM imeandikishwa kwa mwenyewe. Anayenunua barabarani SIM iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mwingine anawaharibia hata wale watakaomtumia feza kesho.

Hata hivyo, jina peke yake halimalizi kazi. Inatakiwa njia ya kurudi nyuma. Waandishi wa programu za kompyuta walilielewa hilo zamani, katika madaftari yao ya kuandikia hitilafu. Moja kati ya hayo ni Bugzilla ya Mozilla, iliyoanza mwaka 1998. Kwa kawaida mtumiaji hafuti hitilafu humo: anaifunga, na akigundua amekosea anaifungua tena, huku historia ya nani alibadili nini ikibaki. Amri inayoweza kutenguliwa haihitaji maswali mengi. Ile isiyotenguka, kama feza inayoondoka, ndiyo inayohitaji kusimama na kutazama.

Wakenya wanaweza pia kutuma mesaji ya malipo yaliyopotea njia kwenye namba 456, na kampuni inaanza kushughulikia ombi. Hapa kuna pingamizi la haki, na wauza duka ndio watakaolitoa: mteja mjanja atachukua mfuko wa simiti, kisha ataomba feza yake irudishwe. Ndiyo sababu kurudisha hakuwezi kuwa kwa papo hapo. Feza inapolalamikiwa ifungwe kwanza, isitoke kwenye kabini yoyote, mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Muuza duka halali hatapoteza kitu isipokuwa siku moja au mbili, na anayo bidhaa iliyouzwa kama ushahidi.

Sehemu nyingine ya mzigo iko kwetu wenyewe. Kwenye kabini nyingi mteja anatoa simu yake, anataja kode kwa sauti, na mwenye kabini anafinya yote. Wazee wanafanya hivyo kwa sababu hawaoni vizuri, wengine kwa sababu menyu ya Kifaransa inawachosha, na wengi kwa haraka tu. Thibitisho linalofanywa na kidole cha mtu mwingine si thibitisho, na mbele ya kampuni mteja hatakuwa na neno la kujitetea. Kumlaumu mzee hakutoshi, lakini: aandikiwe swali kwa lugha anayoitumia nyumbani.

Benki Kuu ya Kongo ndiyo inayotoa ruhusa kwa kampuni hizi kushika feza ya watu, na sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu mifumo ya malipo ipo. Iziagize zote, bila kubagua, kuweka kwenye ukurasa mmoja, kabla ya kode, jina la mpokeaji, kiasi, na neno zima «dolari» au «franka» badala ya herufi tatu; kwa Kiswahili hapa Katanga. Na iweke muda ulio wazi, unaohesabiwa kwa saa, ambao kampuni inapaswa kufunga feza iliyolalamikiwa. Menyu hizi za simu zinakaa kwenye mashine za kampuni, hazikai kwenye simu ya mteja. Hata mwenye simu ndogo ya vifungo atayapata mabadiliko hayo bila kununua kitu.