Kabla ya metro, unganisheni steji tulizo nazo

Unakaa Kawangware na umepata kibarua Industrial Area. Hesabu ya kwanza unayopiga si ya mshahara, ni ya nauli. Unapanda 46 mpaka tao, unashuka, unakata katikati ya jiji kwa miguu ukiwa umeshika simu vizuri, unatafuta steji ya pili, unapanda mathree nyingine na unalipa upya. Jioni unarudia yote kinyumenyume. Mvua ikianza kunyesha, konda anapandisha bei kabla hujafungua mwavuli. Na kama unatoka Kibera, pengine hupandi chochote: unafuata reli kwa miguu alfajiri, wewe na wenzako, mpaka kazini.

Tumezoea kulaumu jam na makanga. Lakini kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Nairobi ina mahali pengi pa kushukia gari, ila haina mahali pa kubadilishia gari. Tofauti hiyo ndiyo inayokula pesa yako.

Waangalie watu wa Delhi, India. Katikati ya jiji lao, chini ya bustani ya Connaught Place, kuna stesheni inaitwa Rajiv Chowk. Ilifunguliwa mwaka wa 2005, na hapo ndipo laini mbili kubwa za metro, ya njano na ya samawati, hukutana chini ya ardhi. Abiria anashuka treni moja, anapanda ngazi, anaingia nyingine. Halipi mara ya pili. Hatoki nje kunyeshewa. Nauli inahesabiwa kutoka alikoingilia hadi anakotokea, si kwa idadi ya treni alizobadilisha. Tangu 2010, behewa la kwanza ni la wanawake pekee. Si peponi: saa za kazi watu hubanana pale vibaya sana, na nauli zilipopandishwa mara mbili 2017 abiria walipungua. Lakini kanuni yenyewe ni safi. Kubadilisha gari si kosa la abiria, kwa hivyo asitozwe faini.

Sisi tunatozwa faini kila siku.

Sisemi tuchimbe ardhi. Tembea Haile Selassie Avenue siku moja, ukiangalia vizuri. Upande wa Uhuru Highway kuna Green Park, kituo kilichojengwa na NMS kwa ajili ya magari ya Ngong Road na Lang'ata Road, yaani njia zetu. Ukisonga mbele kidogo unafika Stesheni Kuu ya Reli, ambako treni za Syokimau, Embakasi, Ruiru na Limuru huanzia. Endelea tena kidogo, uko Muthurwa, steji ya watu wa Eastlands. Vyote vitatu viko kwenye barabara moja. Rajiv Chowk yetu ipo tayari, imelala tu juu ya ardhi vipande vipande, na hakuna aliyeshona.

Green Park ilifanyiwa majaribio 2022, lakini haijawahi kuwa kiungo ilichokusudiwa kuwa. Wengi wetu hatukulia, na sababu tunaijua. Tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu wakamwagwa pembeni, wakatembea: wagonjwa, wenye mizigo, akina mama na watoto mgongoni. Kelele zikawa nyingi hadi amri ikasimamishwa mara moja. Somo la siku ile si kwamba steji za pembeni ni mbaya. Somo ni kwamba ukimshusha mtu pembeni bila gari la pili linalomsubiri, hujapunguza msongamano. Umemhamishia yeye, kwenye miguu yake.

Kwa wasichana, faini hiyo si ya pesa tu. Kutoka steji moja hadi nyingine saa mbili usiku, taa zikiwa zimezima, ni safari ambayo kila mmoja wao ana hadithi yake. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji. Mahali salama pa kubadilishia gari ni suala la usalama kabla halijawa suala la usafiri.

Tuje kwa tiketi. Utaniambia matatu ni biashara za watu binafsi, haziwezi kugawana nauli. Mwaka wa 2014 serikali ilitaka sote tulipe kwa kadi. Zikaja kadi za kila aina, ikiwemo BebaPay ya Google na Equity, na kadi ya huku haikusoma kule. Wenye magari wanataka hesabu yao jioni, konda anahitaji pesa mkononi ya mafuta na ya wale wa barabarani ambao sote tunawajua. Mpango ukafa. Lakini tazama leo: konda mwenyewe anakutajia namba ya kutuma. Tumekuwa na M-Pesa tangu 2007. Teknolojia si tatizo. Kinachokosekana ni sheria inayosema nauli uliyolipa Kawangware inakufikisha Industrial Area, na mfumo wa kugawa pesa hiyo kati ya magari mawili bila kumwibia mmoja.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii hata darasa la tano anaiweza. Tuseme kila gari ni shilingi 50. Magari mawili kwenda, mawili kurudi: 200 kwa siku. Siku 26 za kazi: 5,200. Ungelipa safari moja badala ya mbili, ungebaki na 2,600. Mtaani hiyo ni sehemu nzuri ya kodi ya nyumba. Kwa aliyeacha kutafuta kazi mbali kwa sababu ya nauli, ni kazi yenyewe.

Halafu kuna treni. Reli ilifika Nairobi 1899, na laini ya kwenda Kisumu inapasua katikati ya Kibera. Inapita pia Satellite, upande wa Riruta, si mbali na Kawangware. Lakini ratiba yake ni ya mtu wa ofisi: asubuhi kwenda, jioni kurudi. Anayetoka kazini saa nane mchana, au anayeingia shifti ya usiku, haimjui. Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, vijana waling'oa reli hiyo pale Kibera. Siwatetei. Ila jiulize: ni nani hulinda kitu kinachopita mlangoni pake kila siku bila kumbeba?

Ndoto kubwa hatujakosa. 2019 tulichorewa mstari mwekundu Thika Road, mabasi ya BRT yasije. Laini zikapewa majina ya kuvutia: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Desemba 2022 ukazinduliwa mradi wa Railway City kuzunguka stesheni kuu. Picha za kompyuta zinapendeza. Dar es Salaam nao wana mwendokasi tangu 2016, foleni na uhaba wa mabasi hawajakosa, lakini anayeshuka feri ya Kigamboni anakuta kituo cha Kivukoni karibu. Mtu alifikiria hatua yake inayofuata.

Kwa hivyo tuombe mambo matatu ambayo hayahitaji mkopo wa kutisha. Kwanza, njia ya miguu yenye paa na taa kutoka Green Park, kupitia stesheni ya reli, hadi Muthurwa. Pili, tiketi moja inayodumu saa mbili, treni na matatu, ianze hata na sacco chache zilizo tayari. Tatu, treni ya mchana na ya usiku kwa Kibera na Satellite.

Na wewe, usiishie kulalamika kwenye kiti cha nyuma. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kwenye bajeti za kaunti. Mikutano hiyo hufanyika, viti vingi huwa vitupu, na wanaofika ni wale wenye magari yao. Siku ikitangazwa wadi yako, nenda. Beba hesabu yako ya nauli ya mwezi mmoja, iandike kwa karatasi, isome kwa sauti. Waulize ni nani alipitisha kwamba wewe ulipe mara mbili kufika kazini mara moja.