Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimwokoi mwenye mbwa

Ukitembea mitaa mipya ya Dodoma, Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Nzuguni, kuna maneno mawili utakayoyasoma kuliko tangazo lolote: MBWA MKALI. Yamepakwa rangi nyekundu getini, wengine wameongeza na mchoro wa mbwa anayefanana zaidi na fisi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, nyumba zimeota, kuta zimeota, na nyuma ya kuta wamejaa mbwa. Sina ugomvi na mbwa. Ugomvi wangu ni na hayo maneno mawili, kwa sababu wenye mageti wanaamini yanawaosha na kila kosa.

Nitawaambia nimejuaje.

Jumamosi moja jioni nilikuwa natoka dukani kununua umeme. Gari likafika kwenye geti moja, likapiga honi, mlinzi akafungua. Kabla gari halijaingia, mbwa akatoka. Sikukimbia, maana tangu utotoni tunaambiwa usikimbie. Ushauri huo haukunisaidia. Alinishika mguu nyuma, chini ya goti, na suruali yangu ya kazini ikaishia hapo.

Mwenye nyumba alishuka kwenye gari. Mtu wa makamo, mpole kabisa. "Pole sana, kijana," akasema. Akatoa noti ya elfu kumi. "Utanunua dawa." Nikamwambia, mzee, elfu kumi haitoshi hata sindano ya kwanza, na kwanza huyu mbwa amechanjwa? Hapo upole ukapungua. Akanyoosha kidole getini. "Sasa na wewe, kibao si kipo? Hukukisoma?"

Jamani, nilikuwa barabarani. Barabara ya umma. Kibao nilikisoma miezi mingapi iliyopita, na nikakiheshimu kwa kutoingia humo ndani. Mbwa ndiye ambaye hakukisoma.

Nilipokuwa naosha mguu kwenye bomba la nje, mlinzi akanisogelea. "Kaka, wewe ni wa pili wiki hii," akaninong'oneza. "Jumatano kamng'ata yule mtoto wa maandazi. Mwaka jana fundi bomba." Kisha akarudi getini kama vile hajasema kitu.

Maneno ya yule mlinzi yana thamani kubwa kuliko ile noti. Sababu yake ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie.

Tanzania haina sheria ya Bunge inayosema waziwazi kwamba mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa atalipa. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayomlinda mbwa asiteswe na bwana wake. Tunazo kanuni za mwaka 2011 za wanyamapori hatari: tembo akikuvamia, serikali inatoa kitu kinachoitwa kifuta machozi, na akila shamba lako kuna kifuta jasho. Lugha yenyewe inakuonya kwamba hiyo siyo fidia, ni leso tu. Lakini angalau aliyevamiwa na tembo ana kanuni ya kushika mkononi. Aliyeumwa na mbwa wa jirani hana, na ndiyo maana wengi wanadhani hana haki kabisa.

Haki anayo. Imejificha tu mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kupatazama. Mahakama zetu, pale ambapo hakuna sheria iliyoandikwa, hutumia sheria ya Kiingereza ya maamuzi ya majaji kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Na katika sheria hiyo swali la kwanza si "mbwa ameuma?" Swali ni "mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kuuma?" Mwaka 1846 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyeumwa na tumbili wa mtu. Majaji wakasema anayefuga mnyama huku akijua kwamba anauma, anamfuga kwa hatari yake mwenyewe, na aliyeumwa hana haja hata ya kuthibitisha uzembe. Kwa mbwa, ambaye sheria inamhesabu kuwa mnyama mpole, lazima uthibitishe huko kujua. Ndipo wanasheria wa Kiingereza wakawa na utani wao kwamba kila mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja bure.

(Utani wenyewe ni mchungu. Kwa sheria za mwaka 1865 na 1906 Uingereza iliondoa sharti hilo kwa kondoo na ng'ombe. Mfugaji ambaye kondoo wake amejeruhiwa na mbwa wa mtu hakutakiwa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua. Binadamu aliendelea kutakiwa kuthibitisha, na hata sheria mpya ya wanyama ya 1971 haikuliondoa kabisa sharti hilo kwa mbwa. Sisi tulirithi ya zamani, wenyewe wakaiandika upya.)

Sasa rudi getini. Mwenye nyumba anasema hakujua mbwa wake anauma. Vizuri. Nani basi aliyeandika MBWA MKALI kwa herufi za futi moja? Kibao hicho peke yake hakimalizi kesi, wapo wanaokiandika kuwatisha wezi tu huku mbwa wao anaogopa paka. Lakini ukikiweka pamoja na mtoto wa maandazi, pamoja na fundi bomba, pamoja na mlinzi aliyeona yote, umeshamwonyesha hakimu mtu ambaye alijua.

Kibao kina kazi yake, sikatai. Kinamsaidia mwenye mbwa dhidi ya anayeingia ndani bila ruhusa. Huko London kuna kesi iliyoamuliwa miaka ya 1970: mwanamke aliingia usiku kwenye yadi ya vyuma chakavu, kukiwa na onyo kubwa la mbwa, akaraliwa vibaya. Mahakama ya Rufaa, akiwemo Lord Denning, ilikataa madai yake kwa sababu aliijua hatari akaingia nayo. Sawa. Lakini onyo hilo linaishia kwenye ukuta wako. Haliwezi kutoka nje na kumfuata mpita njia dukani.

Na hata mwenye mbwa akishinda kwenye swali la kujua, kuna mlango wa pili, wa uzembe. Geti liko wazi, mbwa hana mnyororo, ni saa ambayo watoto wanapita. Tena Kanuni ya Adhabu inalifanya kosa la jinai kwa mtu kuacha, kwa uzembe, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hiyo kwenda polisi si kujipendekeza. Mimi nilikwenda, nikachukua PF3. Askari alicheka kwanza, kisha akaandika.

Jumapili nilimtafuta mtoto wa maandazi. Ana miaka kumi hivi. Mama yake alikuwa amemwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga kitambaa. Siku ya nne hiyo, hajachomwa hata sindano moja. Walikwenda kituo cha afya, chanjo ikawa haipo, wakaambiwa wakanunue nje, shilingi elfu thelathini kwa dozi, na dozi ni zaidi ya moja. "Sasa mwanangu," mama akaniuliza, "nikamdai nani? Mtu mwenye geti kama lile?"

Hapo ndipo niliacha kuwaza suruali yangu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna hospitali Dodoma, wala Dar, wala India itakayokurudisha. Duniani wanakadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka, na takriban asilimia 40 ya wahanga ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga ipo tangu Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu chanjo mapema. Watafiti waliochunguza suala hili Tanzania walichapisha mwaka 2013 kwamba mtu wa kijijini alihitaji zaidi ya dola 100 kumaliza chanjo zote, nauli zikiwemo. Hebu gawanya hiyo kwa maandazi.

Kwa hiyo ninapozungumzia fidia sizungumzii kutafuta utajiri kwa kovu. Nazungumzia nani analipia sindano leo, kabla ya siku kupita. Kwa sasa analipa aliyeumwa. Asiyeweza, anasubiri aone.

Jumatatu tulikwenda pale getini watatu: mama, mwenyekiti wa mtaa na mimi. Mwenye nyumba alianza tena na kibao. Nikamweleza, kwa heshima zote, kibao hicho mbele ya hakimu kinasomekaje. Alikaa kimya. Akauliza kama mimi ni mwanasheria. Nikamwambia ni mwandishi wa habari. Nadhani hilo lilimtisha zaidi. Alilipa chanjo za mtoto na zangu, na afisa mifugo wa kata akaagiza mbwa afungwe na kuangaliwa siku kumi. Kadi ya chanjo ya mbwa haikuonekana. Mbwa alimaliza siku kumi akiwa mzima, nasi tukapumua.

Lakini siku ambazo mtoto hakuuza, nauli, kovu la mkononi, hayo hakuyagusa. Nilimwambia mama atunze kila risiti, apige picha kidonda, aandike majina ya walioona. Madai ya namna hii yana miaka mitatu, na kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18. Mzazi anaweza kumfungulia kesi hata leo, na tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa wasio na pesa za wakili. Mama alisikiliza, akasema atafikiria. Anamuuzia jirani wa yule bwana maandazi kila asubuhi. Simlaumu.

Wabunge wanakaa hapa hapa Dodoma, wengine wamejenga Ilazo na Iyumbu, na mageti yao nimeyasoma. Kifungu kimoja tu kingetosha: mbwa wako akimuuma mtu ambaye hakuvamia kwako, unalipa matibabu, ulijua au hukujua.

Juzi nimepita pale. Kibao kimefutwa kwa rangi nyeupe. Mbwa bado yupo, na geti lilikuwa wazi.