Mshauri mmoja hawezi kubeba chuo kizima

Mwandishi aliyedai kwamba vyuo vyetu vinatoshelezwa na mshauri nasaha mmoja na semina ya wiki ya kwanza, na kwamba mengine ni ulegevu wa vijana, aje Bariadi aitazame kalenda. Mkoa wetu wa Simiyu hutegemea pamba, na msimu wa kuiuza hufunguliwa Mei. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Mtoto wa mkulima wa Itilima au Meatu anayesoma kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) hapa hufikia mitihani ya muhula wa kwanza pamba ya kwao ikiwa bado shambani. Chuo chochote kinachomfungia mwanafunzi wa namna hiyo mlango wa mtihani kwa deni la ada kinaizalisha chenyewe hofu ambayo mshauri ataitwa kuituliza.

Na mhadhiri je? Hoja ile haikumtaja kabisa. Ndiye huwa wa kwanza kumwona mwanafunzi aliyeanza kujitenga. Yeye akielemewa, nani atamwona mwanafunzi huyo?

Zito zaidi ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Kijana anayehofia polisi hatafunguka.

Kwa hiyo nadai mambo ya kawaida: ada ilipwe kwa awamu zinazofuata msimu, fungu la afya ya akili liwemo kwenye bajeti ya kila mwaka, lisingoje mfadhili, na matroni na walinzi wa mabweni wafundishwe namna ya kumfikisha mtu hospitali ya rufaa ya mkoa, hata saa nane usiku.