Kaunti Zilizogeuzwa Karata

Juzi nilikuwa Kebirigo, kaunti ya Nyamira, mgeni wa mwalimu mmoja mstaafu. Nje ni mashamba ya chai mpaka jicho lichoke. Ndani, ukutani, kining'inio cha kioo chenye ramani isiyozidi karata kwa ukubwa.

"Kaunti ya Uingereza hiyo, Mzee," akaniambia. "Nakala tu, lakini yapendeza."

Yapendeza, sikatai. Lakini nakshi nayo ina maneno yake. Asili ya ramani ile ni karata za Robert Morden, mchora ramani wa London, zilizotoka mwaka 1676. England na Wales zilikuwa na kaunti 52, na karata ni 52. Basi kila kaunti ikapewa karata yake. Yumo mfalme, Charles wa Pili. Yumo na malkia wake Catherine, binti wa kifalme wa Kireno, ambaye mapatano ya ndoa yake ya 1661 yaliwapa Waingereza Bombay na Tanja. Na kila kaunti imeandikwa umbali wake kutoka London.

Sisi wa pwani karata zenye sura twaziita wazungu: mzungu wa pili, wa tatu, wa nne. Wazee waliozipa jina hilo sijui kama walibashiri! Maana mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi wakagawana. Sultani wa Unguja akaachiwa ukanda wa maili kumi, na mstari ukavutwa kutoka mdomo wa mto Umba, ukapinda Kilimanjaro, hadi Ziwa Victoria. Watu wa Vanga hawakuulizwa. Abagusii pia hawakuulizwa. Baadaye ramani za serikali zikawafunika kwa jina la Kavirondo ya Kusini.

Basi rai yangu ni hii. Tangu 2013 Nyamira ina serikali yake ya kaunti. Kule Tabaka, Kisii, wako mafundi wa mawe laini wanaowachongea watalii viboko na twiga. Wachonge na ramani ndogo ya nchi yao, yenye chai na migomba, majina kama wenyewe wayatamkavyo, na umbali upimwe kutoka hapa nyumbani. Nasi tuwaombe mafundi wetu wa milango ya Lamu wafanye vivyo hivyo. Asiyejichora huchorwa.

"Kwa hiyo hii niiondoe?" akauliza mwenyeji wangu.

"Iache, Mwalimu. Ila itafutie jirani."