Ushanga wa Misafara na Kamera ya Mfukoni

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ikipitia kwetu Tabora hadi Ujiji ilibeba ushanga badala ya fedha. Wafanyabiashara waliihofu hasara moja: kufika na rangi ambayo wenyeji hawaitaki tena. Samisami, ushanga mwekundu, ulikuwa mali mji huu, na mji wa mbele ukawa mzigo tu. Ushanga haukuharibika, wanunuzi ndio waliogeuka.

Tumeyakumbuka hayo wiki hii, kijana wetu alipotaka kuuza kamera yake, Sony RX100 ya kwanza, apate ada ya chuo. Ilipotoka mwaka 2012 ilisifiwa kwa picha safi kutoka kwenye kitu kinachoingia mfukoni. Mwaka 2014 Canon wakaleta mshindani wake, G7 X, yenye lenzi inayopokea mwanga mwingi zaidi inapovuta mbali. Sony nao wakaongeza matoleo, hadi la saba mwaka 2019. Bei aliyotajiwa kijana haikufika hata nusu ya aliyonunulia.

Alihuzunika, lakini hakudhulumiwa. Mnunuzi hulinganisha na kilichopo sokoni leo, hanunui sifa za jana.

Wazazi wenzetu, kamera si akiba. Anayeiuza na awahi kabla mshindani hajafika, na kasoro zake azitaje, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni haramu. Asiyeiuza na aitumie. Ya kijana wetu bado inapiga picha za harusi na kumlipa. Tumemwambia aibakize kazini. Ada tutauza asali.