Tunatajwa, Hatuimbi

Na Paluku wa Kimemi

Kila Juni 30, Kinshasa inapopanda jukwaani na televisheni ya taifa ikawasha kamera zake, sisi wa Mashariki ya Kongo hatusahauliki. Tunatajwa mapema, tunaombewa, watu wanasimama kimya kwa ajili yetu. Kisha gitaa linalia na wacheza dansi wanaingia. Hiyo ndiyo sehemu ya miji yetu, Butembo na Beni, katika tamasha la uhuru: kuonewa huruma. Kuimba wanaimba wengine.

Wapo wanaotaka tamasha lifutwe kabisa mpaka vita viishe. Siko nao. Mwaka 2020, nchi ilipotimiza miaka 60, sherehe zilizimwa kwa sababu ya Korona, tukaambiwa tutafakari. Siku tano kabla ya hapo, Juni 25, Ebola iliyotangazwa Mangina, karibu na Beni, mwezi Agosti 2018 ilikuwa imetangazwa kwisha, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kama kuna mwaka ambao Beni ilistahili kuimba mbele ya nchi nzima, ni ule. Umati ulikatazwa, sawa, lakini kamera haihitaji umati. Na kwetu kilio hakimfungi mtu mdomo: aliyekesha kwenye matanga ya hapa anajua kwaya hunyamaza alfajiri, tena kwa shingo upande.

Tukumbuke pia wimbo wenyewe wa siku hii ulikotoka. Joseph Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz yake walitunga "Indépendance Cha Cha" Brussels mwanzoni mwa 1960, wanasiasa wetu wakiwa bado mezani na Wabelgiji. Uhuru ulikuwa umeahidiwa tu. Ndani ya wimbo huo Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe wametajwa pamoja kama timu moja, na sote tunajua timu hiyo ilicheza vipi baadaye. Redio iliusambaza Afrika nzima. Hakuna aliyesema subirini kwanza mambo yatulie.

Tatizo langu ni nani anashika maikrofoni. Aprili 2025 wasanii wenye asili ya Kongo waliimba Paris, kwenye ukumbi wa Accor Arena, kwa ajili ya watoto wa Mashariki. Nawashukuru kwa moyo. Lakini hata huko tulikuwa habari ya wimbo, si waimbaji. Na lugha pia: wimbo wa taifa ni wa Kifaransa, kazi ya Padri Simon-Pierre Boka. Rumba iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2021 ni ya Kilingala kwa sehemu kubwa. Kiswahili kimo katika katiba kama lugha ya taifa. Siku ya sikukuu ya taifa nacho kiimbwe, na Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kisifichwe.

Beni haisubiri kualikwa ndiyo ijue ni Kongo. Desemba 30, 2018, Tume ya Uchaguzi ilipotuahirishia kura hadi Machi, wakati rais angekuwa ameshaapishwa, watu wa Beni walipanga foleni, wakatengeneza karatasi zao na masanduku yao, wakapiga kura ambayo hakuna aliyekusudia kuihesabu huko juu. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa saa moja ya nyimbo.

Na sasa kisingizio cha umbali kimepungua. Tangu Goma, makao makuu ya mkoa wetu, ilipoanguka Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni. Gavana yuko hapo, wageni wa Kinshasa wanatua hapo, kamera zinakuja kila waziri anapokuja. Basi zije kwa ajili ya kwaya, fanfari na vijana wetu wa rap. Tusiletewe nyota kwa ndege aimbe nusu saa chini ya ulinzi, apige picha na wakimbizi wa Lubero, arudi. Huyo tutamwangalia kwa adabu, lakini si yeye tunayemwomba.

Jambo moja la ufundi, kwa watakaopanga ratiba. Saa tatu ya usiku Kinshasa ni saa nne kwetu. Saa nne watu wameshajifungia, na mafuta ya jenereta yanahesabiwa kwa kifuniko. Mkitupa nafasi mwishoni mwa programu, baada ya majina makubwa, mtakuwa mmetuimbisha wakati jirani zetu wamelala. Tupeni saa kumi na mbili jioni, ya kwetu.